Bingwa wa Protini Kabla ya Magharibi

Kuijua protini ni kazi ya umri mzima. Max Perutz alianza kuichunguza himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, mjini Cambridge mwaka 1937. Umbo lake akalipata mwaka 1959. Hapo katikati amepita vita vikuu, amefungwa kambini kwa kosa la kuzaliwa Austria, ameachiwa, amerudi mezani kwake. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1962.

Wewe huna miaka 22. Wewe una mpaka magharibi, maana baada ya hapo kuna kikao cha harusi, mweka hazina wa kamati ni daktari, na kuna mtu mmoja pale ungependa arudi kwao akisema una kichwa. Haina neno. Kujua na kuonekana unajua ni biashara mbili mbalimbali, na hii ya pili haina ada. Sogeza kiti, tuongee.

1. Usitaje nyama

Protini ikitajwa mbele za watu, kila mtu hukimbilia jikoni: nyama, mayai, maharage, dagaa. Waache. Wakimaliza orodha yao, tazama dari kidogo, halafu sema, "Hivyo ni vyakula. Mimi nazungumzia mashine." Kisha kaa kimya. Usieleze kitu. Wapo watu wanaoitwa maprofesa mtaani kwa sababu ya kimya cha namna hiyo.

Atatokea mmoja wa kuuliza mashine gani. Huyo ndiye mteja wako. Mwambie kwamba ndani ya seli moja ya mwili wake mna maelfu ya aina za protini, na karibu kila kazi inayofanyika humo iko mikononi mwao: kubeba oksijeni, kuvuta msuli, kufungua na kufunga vipenyo kwenye utando wa seli, kunakili DNA, kukamata virusi. Insulini ni protini. Kingamwili ni protini. Ukucha ni protini. Sumu ya nyoka, sehemu yake kubwa, ni protini. Ila hiyo sumu iweke mwisho. Ukiitanguliza, mazungumzo yatahamia kwenye nyoka aliyeuawa kwa fulani mwaka juzi, na hutayapata tena.

2. Beba tarakimu tatu

20, 51, 574. Ziandike kiganjani kama hukiamini kichwa chako.

20 ni aina za kawaida za asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini zako. 51 ni idadi ya asidi amino katika insulini ya binadamu: minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30. 574 ni himoglobini, minyororo yake yote minne ukiijumlisha. Usikariri zaidi ya hapo. Mwenye tarakimu tatu anaonekana ana nyingine mia amezihifadhi kwa heshima ya wasikilizaji. Mwenye tarakimu 30 anaonekana amekesha.

Ukitaka kunogesha, mtaje Frederick Sanger. Zamani zake wapo wakemia waliodhani protini haina mpangilio wa kueleweka, ni mchanganyiko tu. Sanger akaikata insulini ya ng'ombe vipandevipande, akavisoma kimoja kimoja, akaviunga upya kwenye karatasi, na kufikia mwaka 1955 alikuwa na orodha nzima, kutoka asidi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nobel ya 1958. Akapata nyingine 1980 kwa kazi ya kusoma DNA. Sema "alipata mbili" kwa sauti ya mtu anayemsema jirani wa nyumba ya pili.

3. Tumia mikono

Umefika kwenye mkunjo, na hapa maneno hayatoshi. Inua mikono.

Protini huanza ikiwa uzi wa shanga za rangi 20. Mtunga shanga ni ribosomu, na anatunga kwa kufuata maagizo yaliyonakiliwa kutoka kwenye DNA. Katika seli ya binadamu hutia kama tano hivi kwa sekunde. Wakati wa kueleza hayo mikono yako iwe imenyooka. Sasa zungusha kidole hewani: huo ni msokoto wa alfa. Kunja kiganja mara mbili tatu: hiyo ni mikunjo ya beta. Funga ngumi: hilo ndilo umbo kamili. Ngumi yako ikigusana na ya pili, minyororo imeungana, umefika ngazi ya nne ya umbo la protini na ngazi ya tano haipo. Shusha mikono taratibu. Mwenye kujua atatikisa kichwa akikubali, na asiyejua atatikisa kwa kuwa mwenziwe ametikisa.

Ukiulizwa ni nini kinachoifanya ijikunje, jibu kwa neno moja: "Maji." Ni jibu sahihi kiasi cha kutosha. Baadhi ya asidi amino huyakimbia maji, nyingine huyapenda, na seli imejaa maji. Zinazoyakimbia hujificha ndani ya ngumi, zinazoyapenda hubaki nje, na umbo linapatikana bila fundi kusimamia kila pindo. Zipo protini nyingine ambazo kazi yao ni kuwasaidia wenzao wasikunjike vibaya, lakini hizo usizitaje leo. Ziache kwa ajili ya kikao kijacho.

Kama wewe ni mvivu wa kuzaliwa, historia iko upande wako hapa, na nataka uitumie. Mwaka 1948 mkemia Linus Pauling alikuwa mgeni Oxford, mafua yamemlaza kitandani, riwaya za upelelezi zimemchosha. Akaomba karatasi. Akachora mnyororo wa protini, akaanza kuikunja ile karatasi na kuikunjua, mpaka mnyororo ukakaa katika msokoto ambao kila sehemu yake iliafikiana na kemia. Wakati huohuo kule Cambridge, Bragg, Kendrew na Perutz, wakiwa na maabara, mitambo ya eksirei na afya njema, walikuwa wakiitafuta misokoto ya namna hiyo. Mwaka 1950 wakachapisha makala ndefu yenye misokoto mingi na ule wa kweli haumo. Waliuacha huru muungano ambao kemia imekwisha kuufunga usizunguke, na wakautaka kila mzunguko wa msokoto uwe na idadi kamili ya asidi amino. Msokoto wa Pauling una 3.6. Aliuchapisha 1951.

Kwa hiyo ukikutwa kitandani saa nne asubuhi siku ya kazi, jibu unalo.

4. Simama karibu na kikaango cha chipsi mayai

Bingwa huonekana kazini. Chagua banda lenye taa nzuri, agiza chipsi mayai, na usikae. Simama umkodolee macho muuzaji anapomimina yai. Kwa muda mfupi ute unang'aa, unaona chipsi kwa chini. Halafu pembeni, pale mafuta yalipo moto zaidi, unaanza kuwa na ukungu, ukungu unageuka weupe, weupe unatambaa kuelekea katikati. Hapo ndipo useme, kwa sauti ya chini lakini wa nyuma yako kwenye foleni asikie: "Zinafumuka."

Maelezo yake ni haya, yatoe ukiombwa. Moto haukukata mnyororo hata mmoja. Orodha ya asidi amino iko vilevile, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kilichokwenda ni mkunjo. Ute huanza kuganda ukipita nyuzi 60 hivi: minyororo inaachia, zile sehemu zilizokuwa zimejificha ndani zikikimbia maji zinatokeza nje, zinakutana na za jirani zilizotokeza pia, zinanatana, na wavu mzima unakuwa mgumu na mweupe. Umbo limekwenda, na kazi imekwenda nalo. Hilo ndilo fumbo zima la protini, na umelipata bandani kwa bei ya sahani moja.

Mtu atasema, kwa busara ya kizee, kwamba yai likishaiva halirudi. Huyu msubiri kwa hamu. Mwambie mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Australia walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kulirudisha yai nusu. Walichemsha ute, wakauyeyusha kwa yurea, kisha wakauzungusha kwenye mtambo wa kasi mpaka protini yake moja, lisozimu, ikajikunja tena na kurudi kazini. Usitaje kwamba hakuna aliyelila. Lipia chipsi zako uondoke jina lako likiwa bado juu.

5. Papai

Hii ni fupi na ni ya pwani, itumie panapochomwa mishikaki. Mpishi anapopaka papai bichi kwenye nyama ngumu, sema: "Papaini." Ni kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wa papai, na kazi yake ni kukata minyororo ya protini. Bibi yake mpishi alikuwa mwanabiokemia. Ikilala usiku kucha na papai jingi nyama hugeuka rojo, kwa sababu kimeng'enya hakijui kwamba wewe ulitaka kulainisha tu.

Kutoka hapo utaulizwa kimeng'enya ni nini hasa. Wapo watakaokushauri ueleze nadharia mpya. Usiwasikilize. Tumia kufuli na ufunguo wa Emil Fischer, wa mwaka 1894: kimeng'enya kina tundu, na kitu kinachofanyiwa kazi kinaingia humo barabara. Mfano huo ni mkongwe, umerekebishwa tangu 1958, Daniel Koshland alipotoa hoja kwamba kufuli lenyewe nalo hujipinda kidogo kumpokea mgeni, lakini unaeleweka haraka na unamfurahisha kila mtu. Ukitaka kuwashtua, toa mfano huu: ipo hatua moja katika kutengeneza vipande vya RNA na DNA ambayo, ikiachwa ijiendee yenyewe majini bila kimeng'enya, nusu yake hukamilika baada ya miaka milioni 78. Kikiwepo kimeng'enya, ni sehemu ndogo ya sekunde. Watafiti walilipima hilo mwaka 1995. Tulia hapo. Wape nafasi waishangae miili yao, na kidogo wakushangae wewe.

6. Saluni

Wanaume wengi hawaitumii nafasi hii, na ndiyo maana hawasikilizwi.

Nywele ni keratini. Mnyororo mmoja umeshikana na wa pembeni yake kwa namna mbili zinazokuhusu: kuna mishiko dhaifu ya haidrojeni, iko mingi mno, na kuna madaraja ya salfa, machache ila imara. Pasi ya nywele inalegeza ile mishiko dhaifu. Nywele zinanyooka, zinapoa, mishiko inajishika upya katika unyoofu. Ikinyesha mvua, au ukitokwa jasho kwenye daladala, maji yanaivunja tena na nywele zinarudi kwao. Dawa ya kunyoosha haichezi hivyo. Ile yenye sodiamu haidroksaidi inayashambulia madaraja ya salfa yenyewe, na hayajengeki tena kama yalivyokuwa. Ndiyo sababu kazi ya pasi inaharibiwa na mvua moja na kazi ya dawa inangoja nywele mpya ziote.

Yaseme hayo ukimngoja mkeo au dada yako amalize. Msusi atanyamaza kwanza, kisha atakuuliza kama wewe ni daktari wa ngozi. Usikatae, usikubali. Sema, "Tunajifunza, mama."

7. Hapa punguza maringo

Kuna mfano mmoja utakaokupa heshima kuliko yote, na nakuomba usiuchezee, maana kwenye kikao chochote cha watu 20 huenda yupo mwenye mtoto anayeugua. Ni selimundu.

Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, kwa kawaida hukaa asidi glutamiki, ambayo inayapenda maji. Kwa mwenye selimundu nafasi hiyo imekaliwa na valini, inayoyakimbia. Badiliko ni hilo tu, moja katika mnyororo wa asidi amino 146. Himoglobini ikiwa na oksijeni, hakuna linaloonekana. Ikishaitoa oksijeni mwilini, umbo lake hubadilika kidogo kama kawaida yake, na ile valini iliyo nje inapata pa kujificha: kijishimo kilichopo kwenye himoglobini ya jirani. Inajibana humo. Jirani naye ana valini yake, anajibana kwa mwingine. Nyuzi ndefu ngumu zinajipanga ndani ya chembe nyekundu, chembe inajikunja ikapata umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa usiku wa baridi.

Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ugonjwa huu umo katika himoglobini yenyewe. Ikawa mara ya kwanza ugonjwa kufuatwa mpaka kwenye molekuli moja. Vernon Ingram, pale Cambridge, akaikamata ile asidi moja iliyobadilika, mwaka 1956 na 1957. Sehemu ya tatu ni ya kwetu. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1949 na kukusanya sampuli za damu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria akakuta wanaobeba jeni ya selimundu ni wengi. Nyanda za juu, wachache. Aliyetazama ramani ya mbu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni haikupotea licha ya madhara yake kwa anayeirithi kutoka kwa wote wawili. Tanzania mpaka leo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu.

Ukishayasema haya, usiongeze ujanja wowote. Kama mtu atauliza swali la kweli, kuhusu mtoto wa kweli, mpeleke kliniki.

8. Uza kolajeni

Turudi kwenye dhambi ndogo. Utafika wakati utataka elimu yako ikulipe, na hakuna njia nyepesi kama unga wa kolajeni kwenye kopo la dhahabu. Mambo ya kumwambia mteja ni ya kweli kabisa: kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwake, imo kwenye ngozi, mifupa na kano, ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, umri ukienda inapungua, na mikunjo ya uso inatokea. Msogezee kioo hapo.

Jambo la kutomwambia ni tumbo. Tumbo halisomi lebo. Likipokea kolajeni ya elfu sitini au supu ya makongoro ya kijiweni, linafanya lilelile: asidi na vimeng'enya vinaikata minyororo, na sehemu kubwa ya kinachoingia kwenye damu ni asidi amino moja moja na vipande vifupi, ambavyo mwili utavipeleka unakotaka wenyewe. Vikienda kwenye ini badala ya shavuni, hakuna pa kulalamika. Omba sana mteja wako asiwe na ndugu mwenye kisukari, kwa maana anaweza kukuuliza kwa nini insulini hupigwa sindano na hainywewi. Ni kwa sababu ni protini, na tumbo lingeikata vilevile. Swali hilo likiulizwa, funga kopo.

Na kwa usalama wa biashara usiwaruhusu watu wafike Malindi. Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilitia nanga pale zikitoka India, mabaharia wamevimba fizi, wengi wamekufa njiani, na wagonjwa wanatamani machungwa. Yakaletwa kutoka nchi kavu. Wengine walikuwa wamechelewa, wakazikwa hapohapo. Shida yao haikuwa uhaba wa protini. Ili ile minyororo mitatu ya kolajeni ishikane imara, mwili unahitaji vitamini C, na bila hiyo fizi hulegea na vidonda vya zamani hufumuka. Mteja akisikia habari hizi ataenda sokoni akanunue mapera, na wewe utabaki na katoni tatu chini ya kitanda.

Kwa vijana wa jimu kanuni ni hiyohiyo. Usiwaambie kwamba mahindi yana uhaba wa lisini na maharage yanayo kwa wingi. Kwamba maharage yana uhaba wa methionini na mahindi huyazibia pengo hilo. Kwa hiyo ugali kwa maharage ni mpango kamili wa asidi amino, na jirani zao wamekuwa wakiutekeleza kila siku bila kopo. Usiwaambie pia kwamba mwili hauna ghala la asidi amino za ziada, kwamba ini huzing'oa naitrojeni na kuitoa kwenye mkojo. Kijana aliyelipia unga laki na nusu hataki kujua anaumwaga wapi.

9. Ukibanwa kuhusu mitokondria

Sema, "Inazunguka." Ni kweli. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria kuna protini inayotengeneza ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, na ina mhimili unaozungushwa na protoni zinazopita. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walinasisha uzi mdogo unaong'aa kwenye mhimili huo wakauona ukizunguka chini ya hadubini. Kwa siku moja mwili wako huunda na kutumia ATP inayokaribia uzito wako mwenyewe, hata kama siku hiyo hukufanya lolote la maana. Kipengele hiki cha mwisho wape ndugu wanaokusema kwamba hujishughulishi.

10. Akitokea anayejua kweli

Atatokea. Mara nyingi ni binti mpole aliyekaa pembeni na simu yake, mwaka wa tatu wa famasia, aliyekuwa akikusikiliza tangu mwanzo. Ataanza kwa adabu: "Samahani kaka, hapo kwenye ngazi ya tatu sikukuelewa vizuri." Hiyo "samahani" isikudanganye. Ndiyo kisu chenyewe.

Kwanza msifu. Sema swali lake ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa leo. Utakuwa umepata sekunde nne.

Pili, kimbilia makosa ya wakubwa. Pauling yuleyule wa karatasi na mafua, mwaka 1953, alichapisha umbo la DNA lenye nyuzi tatu, fosfeti zenye chaji zimesukumwa katikati, jambo ambalo mwanafunzi wa kemia angelikataa. Hazikupita wiki nyingi, Watson na Crick wakatoa lenye nyuzi mbili. Pauling aliendelea kuitwa Pauling, akapata Nobel ya kemia 1954 na ya amani 1962. Yataje hayo kwa unyonge, kana kwamba wewe na Pauling mna msiba mmoja. Watu wazima pale kikaoni watakuonea huruma.

Tatu, binti akiendelea, ikabidhi kesi kwa kompyuta. Mwambie mambo ya maumbo siku hizi yanafanywa na AlphaFold, iliyokwisha kukisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na Nobel ya kemia ya 2024 ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper walioiunda, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya. Atakujibu kwamba umbo peke yake halikwambii protini inashikana na nani ndani ya seli iliyo hai, saa ngapi, na inafanyaje ikishamaliza. Atakuwa sahihi. Ni binti hatari huyu. Kama hajaposwa, fikiria.

Ukiona hapo napo pameshindikana, toa silaha ya mwisho. Kuna protini ya misuli iitwayo titini, kubwa kuliko zote zinazojulikana katika mwili wa binadamu, yenye asidi amino zaidi ya 34,000. Jina lake kamili la kikemia hupatikana kwa kuzitaja asidi hizo zote kwa mfuatano, nalo lina herufi karibu 190,000. Simama. Tengeneza kola. Waambie kwamba ili kulijibu swali la dada kwa ukamilifu, na kwa kuwa wote mna nafasi, itabidi uanze na jina. Halafu lianze, polepole, bila kuruka: methionilthreonilthreonilglutaminilalanil... Usitazame uso wa mtu. Ukifika kwenye asidi ya kumi utasikia viti vikisogezwa, na mwenyekiti wa kamati akikumbuka ghafla kwamba bado hamjazungumza bei ya ukumbi.